Giaboksi ya Kuazima na Mjomba Asiye na Cheti

Wasomaji wangu wamezoea kukutana nami hapa tukijadili katiba, bajeti na mitaala. Leo naomba ruhusa niwapeleke gereji. Mimi si fundi wala mhandisi; ninafundisha sosholojia, na spana nimeishika kwa kulazimishwa na hali. Lakini hivi karibuni nilihudhuria kongamano moja kuhusu ajira za vijana, na mzungumzaji mmoja, msomi mwenzangu, akasema kwa kujiamini kwamba mafundi wetu wa chini ya miti "hawajui kitu, wanabahatisha tu". Ukumbi ukacheka. Nami nikatabasamu kwa adabu ya kikao. Nilipofika nyumbani tabasamu lile likaniuma, kwa sababu nilikuwa na ushahidi wa kumpinga na sikuutoa. Ninaandika ili niutoe sasa, ingawa umechelewa, na ingawa sehemu ya ushahidi huo inanishitaki mimi mwenyewe.

Kati ya mwaka 2010 na 2014 nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu nchini Uingereza. Nilipanga chumba kwa mzee mmoja mjane, katika mji mdogo wa Oxfordshire. Alikuwa amestaafu kazi ya kuchora michoro ya mitambo. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na banda lenye shimo la ukaguzi, na juu ya shimo hilo lilikaa gari ambalo mwanzoni sikuona maana yake: MGB ya mwaka 1971, ya viti viwili, rangi ya kijani iliyokolea, paa lake turubai la kukunjwa. Magari hayo yaliundwa Abingdon, si mbali na pale tulipokuwa, kuanzia mwaka 1962 hadi 1980, na yalitoka zaidi ya nusu milioni. Mzee alilinunua likiwa limetumika, mwaka aliooa. Mkewe alipofariki, watu wawili tu ndio waliobaki wakilikalia: yeye, na mara mojamoja binti yake, aliyekuwa akiishi Newcastle, zaidi ya kilomita 400 kaskazini.

Safari hiyo ya Newcastle ndiyo iliyoleta habari yote. Gari lile lilikuwa na gia nne tu za kwenda mbele. Kwa msomaji asiye fundi, niseme kwa ufupi: giaboksi ndiyo inayoamua injini izunguke mara ngapi ili magurudumu yazunguke mara moja. Gia ya kwanza hutoa nguvu na kunyima mwendo; ya mwisho hutoa mwendo na kunyima nguvu. MGB ilibuniwa wakati barabara za mwendo kasi zilikuwa bado changa Uingereza. Kipande kirefu cha kwanza cha M1 kilifunguliwa Novemba 1959, miaka mitatu tu kabla ya gari lenyewe kuanza kuuzwa. Katika mwendo wa kilomita 112 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria wa barabara hizo, injini ya gari la mzee ilizunguka karibu mara 3,900 kwa dakika. Si kwamba ingevunjika. Lakini kelele, joto na mtikisiko vilikuwa vya kumchosha kijana, sembuse mzee mwenye kifaa cha kusaidia kusikia. Alikuwa akifika kwa binti yake akiwa kiziwi kabisa, anasalimiwa mara tatu ndipo aitike.

Kiwanda chenyewe kilikuwa na dawa: kifaa kiitwacho ovadraivu, cha kampuni ya Laycock, kilichofungwa nyuma ya giaboksi na kuipunguzia injini kazi. Lakini kwa miaka mingi ovadraivu iliuzwa kwa malipo ya ziada, na mnunuzi wa kwanza wa gari lile hakuilipia. Zilizotumika zilikuwa ghali. Mzee akachagua njia ambayo wapenzi wengi wa MGB walikuwa wamekwisha kuipita: kutoa giaboksi ya MG na kuweka ya gia tano iliyotoka kwenye Ford Sierra, saluni ya kawaida ya miaka ya 1980. Mafundi huiita "Type 9". Gia yake ya tano ina uwiano wa 0.82 kwa 1. Kwa gari lile, mizunguko ile 3,900 ingeshuka hadi karibu 3,200.

Marafiki zake wenye magari ya namna hiyo walimjia juu. Ford na MG, kwao, walikuwa mahasimu. Kuweka giaboksi ya Sierra ndani ya MGB ni kuchanganya damu. Mzee hakupandisha sauti. Aliwakumbusha kwamba injini ya lita 1.8 wanayoiheshimu ni ya ukoo uleule uliosukuma saluni za familia za Austin na Morris, na kwamba ovadraivu wanayoiona ya asili ilitoka kwa kampuni nyingine kabisa. Kisha akawapa hesabu ya serikali. Wakati ule mamlaka ya usajili wa magari ya Uingereza ilikuwa na utaratibu wa pointi kwa magari yaliyobadilishwa sana: chasisi au bodi pointi 5, sasipensheni 2, eksili 2, transmisheni 2, usukani 2, injini 1. Gari likibakiza pointi 8, linabaki na namba yake. "Mimi naondoa mbili katika kumi na nne," alisema. "Bado nina kumi na mbili. Serikali inasema ni lilelile. Nyinyi ni nani?"

Nilicheka, lakini neno "kuchanganya" lilikuwa limenigusa mahali. Lilinirudisha Korogwe.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alijifunza ufundi katika karakana ya shamba la mkonge. Aliingia baada ya darasa la saba, akiwa mshika taa. Akawa mshika spana. Mwishowe akawa ndiye anayeitwa usiku mashine ya kusindika mkonge inapogoma. Shamba lilipobadili wenyewe, wafanyakazi wote wa karakana walitakiwa kuleta vyeti. Mjomba alikuwa na mikono tu. Akaondoka na kisanduku cha spana, akaweka gereji yake chini ya mwembe kando ya barabara. Sifa zake zilienea kwa kazi moja: alichukua Land Rover 109 za zamani, ambazo injini zake zilikuwa zimekufa na vipuri vyake vimeadimika, akazivika injini za dizeli za Toyota, huku giaboksi ya Land Rover ikibaki palepale. Magari hayo yalipandisha mizigo kutoka Mombo kwenda Lushoto kwa miaka mingi. Watu wenye elimu waliyaita "machotara". Walioyapanda walifika.

Nilipokuwa kidato cha pili katika shule ya bweni, mjomba alikuja kunitembelea akiwa na gari mojawapo, ovaroli yake imelowa oili, amebeba mfuko wa machungwa na fedha za matumizi kutoka kwa mama. Wenzangu wakaniuliza yule ni nani. Nikasema ni dereva aliyetumwa na mama. Alikuwa hatua tatu nyuma yangu. Hakusema neno. Alinikabidhi mfuko kwa mikono miwili, kama dereva anavyomkabidhi mtoto wa tajiri, akasema, "Haya, bwana mdogo, usome vizuri," akapanda gari lake, akaondoka. Hatukuwahi kulizungumza tena. Miaka yote iliyofuata nilimwamkia na kumletea zawadi za sikukuu, lakini kila nilipomwangalia usoni niliona ule mfuko wa machungwa.

Nirudi bandani. Mzee aliniomba msaada kwa sababu mgongo wake haukumruhusu kunyanyua, nami nilikubali ili nipumzike kuandika tasnifu. Kazi ilituchukua Jumamosi sita. Katika MGB huwezi kuichomoa giaboksi kwa chini peke yake ikatoka kirahisi; injini na giaboksi hutolewa pamoja kwa winchi, vikiwa vimeinamishwa kama ndoo inayotoka kisimani. Tuliviweka sakafuni na kuvitenganisha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tatizo halikuwa giaboksi. Giaboksi ilikuwa nzima, imesafishwa, ina kila kitu. Tatizo lilikuwa sentimita chache zilizopo kati yake na injini.

Injini na giaboksi havishikani kwa bolti peke yake. Shafti ya giaboksi hupita katikati ya sahani ya klachi kwa meno, kisha ncha yake huingia ndani ya bushi ndogo iliyo kwenye kitako cha shafti ya injini. Meno ya Ford ni 23, na hayaingii kwenye sahani ya MG. Kwa hiyo huhitajika sahani ambayo pembeni yake ni ya MG, ili ibanwe na klachi ya MG, na katikati yake ni ya Ford, ili ipokee shafti ya Ford. Bushi nayo ni hivyohivyo: nje ina kipimo cha MG, ndani kipimo cha Ford. Na hauzingi inayofunika klachi, iliyomwagwa kwa alumini, ina matundu ya bolti za injini ya kampuni moja upande wa mbele, na ya giaboksi ya kampuni nyingine upande wa nyuma. Vitu vitatu, vyote vidogo ukilinganisha na mitambo inayoviunganisha, na hakuna hata kimoja ambacho Ford au MG wangekidai kuwa chao. Lakini ukivitoa hivyo, unabaki na marundo mawili ya chuma.

Kabla ya kufunga giaboksi, mzee alifunga hauzingi peke yake, akabandika saa ya kupimia kwenye flaiwili, akaizungusha injini kwa mkono taratibu, macho yakiwa kwenye mshale. Alitaka kuhakikisha tundu la katikati linakaa sawasawa na mhimili wa injini, maana likienda pembeni hata kidogo, shafti itakula bushi, beringi na meno ya klachi. Nilisimama nikimtazama, na ghafla nikaona jambo nililowahi kuliona. Mjomba alikuwa akifanya hivyohivyo. Yeye hakuwa na saa ya kupimia. Alikuwa na sindano ya kushonea magunia, ambayo aliifunga kwa waya kwenye flaiwili, akapaka masizi ya kibatari kuzunguka tundu la bamba alilokereza, kisha akazungusha. Ncha ya sindano ikikwaruza masizi upande mmoja na kuacha upande wa pili, bamba liko pembeni. Analegeza bolti, analigonga kwa nyundo ya mbao, anarudia. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni mchezo. Nilikuwa ninatazama kipimo kilekile, kwa kanuni ileile, na tofauti ya pekee ilikuwa bei ya chombo.

Tukamaliza. Kiungo cha chini cha kubebea giaboksi kikafungwa, propela mpya ya urefu unaofaa ikaingia, waya wa spidomita ukaunganishwa. Giaboksi ya zamani ilipakwa grisi, ikafungwa kwenye turubai na kuwekwa chini ya meza ikiwa na kijilebo. Mzee hakukata bati lolote la gari, ili atakayelirithi aweze kulirudisha lilivyokuwa akitaka. Tulitoka asubuhi ya Jumapili. Gia ya kwanza ya Ford ni fupi kuliko ya MG ile, 3.65 badala ya 3.44, hivyo ukiondoka tu inakubidi utie ya pili. Lakini ya tano ilipoingia, injini ikatulia kana kwamba imekaa chini. Mzee akanitazama akitabasamu.

Tulipofika mwendo wa kilomita 90, sakafu ikaanza kutetemeka. Si mtetemeko wa kutisha. Ni ule wa kuingia mifupani taratibu. Tukirudi chini ya 80, unakwisha. Mzee alirudi nyumbani akiwa kimya. Wiki nzima alihangaika. Aliipeleka propela kupigwa balansi, ilikuwa sawa. Akabadilisha magurudumu ya mbele na ya nyuma. Akakagua krosi. Akashuka shimoni, akapanda, akashuka. Usiku mmoja nilimkuta jikoni, amekaa mbele ya michoro yake na chai iliyopoa, akasema pengine wenzake walikuwa na haki: gari lilikuwa limeikataa giaboksi. Alizungumzia kurudisha ile ya zamani. Sikuwa nimemwona hivyo tangu nihamie kwake.

Nilipanda chumbani nikapiga simu Korogwe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Baridi imepungua huko?"

Nilimweleza. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akaanza kuuliza maswali ambayo hadi leo nayaona kuwa bora kuliko maswali ya watahini wengi niliokutana nao.

"Linatetemeka ukikanyaga mafuta tu, au hata ukiachia?"

"Hata tukiachia."

"Mkiwa kwenye mwendo uleule, mkitoa gia, likaenda lenyewe?"

"Bado linatetemeka."

"Basi iacheni injini, iacheni na klachi. Mambo yako nyuma ya giaboksi. Sasa, mkia wa giaboksi umekaaje? Umeinama au umeinuka?"

"Sijui, mjomba. Propela lakini ni mpya, na imepigwa balansi."

"Sikuulizi upya wake. Propela nzima ikikaa vibaya inatetemeka kuliko mbovu iliyokaa vizuri. Ina krosi mbili. Ya mbele ikikunja, ya nyuma inatakiwa ikunjue kwa kiasi kilekile. Zisipolingana, inakwenda kwa kuchechemea. Tafuteni timazi. Pimeni uso wa puli ya mbele ya injini umeegama kiasi gani, halafu pimeni uso wa flenji ya difu. Ziegame sawa. Si lazima ziwe kwenye mstari mmoja, ziwe sambamba."

Nilikuwa ninaandika haraka nyuma ya karatasi za tasnifu.

"Na jambo moja, mjomba. Msipime gari likiwa juu ya mastendi. Likiwa juu, difu inaning'inia, itakupeni jibu la uongo. Likanyage chini kwa magurudumu yote manne, na watu wawili wakae ndani. Pimeni likiwa limebeba uzito wake."

Asubuhi nilimsomea mzee maelezo yale nikiyatafsiri. Alipofika kwenye mastendi, akaweka kikombe chini. Ndivyo alivyokuwa amepima: gari likiwa limeinuliwa, eksili ikining'inia. Tuliliteremsha juu ya shimo. Mimi na jirani tukakaa ndani kama abiria wa safari isiyoanza, na mzee akashuka shimoni na uzi wenye nati mwishoni. Tofauti haikufika nyuzi mbili. Aliweka vipande vya bamba vyenye unene wa kidole chini ya kiungo cha giaboksi, mkia ukainuka. Mchana tulikwenda hadi kilomita 112 na sakafu ikakaa kimya. Tuligundua tu kwamba spidomita inadanganya, kwa kuwa ilikuwa bado inahesabu kwa kipimo cha giaboksi ya zamani. Mzee akaipeleka irekebishwe. Mwezi uliofuata alikwenda Newcastle na kurudi, na aliporudi tuliongea bila kupayuka.

Siku ile tukiwa bado bandani aliniuliza: huyu mjomba wako alisomea wapi? Nami, msomi wa sosholojia, mtu niliyekuwa nikiandika kurasa mia tatu kuhusu matabaka na heshima, nikajibu kwamba ni mhandisi wa kiwanda. Mara ya pili. Mara ya kwanza nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano. Mara hii sikuwa na kisingizio cha utoto.

Sasa, ndugu msomaji, kwa nini haya yanahusu siasa na jamii yetu? Kwa sababu nchi yetu hupokea giaboksi kila mwaka. Mitaala, mifumo ya tathmini, sheria za mfano, mipango ya kuharakisha maendeleo: vingi vimetengenezwa kwingine, na si vibaya kwa kuwa vimetoka kwingine. Mwaka 2013 tulianzisha Matokeo Makubwa Sasa, kwa kufuata mfano wa Malaysia. Miaka michache baadaye jina hilo lilikuwa limetoweka midomoni mwetu. Sitaki kudai kwamba najua kila sababu. Ninajua tu kwamba tunapojadili mambo ya namna hii hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema giaboksi hii imefanya maajabu ilikotoka, ifungwe upesi. Kundi la pili husema si yetu, inachafua asili, iondolewe. Ni mara chache sana kumsikia mtu akiuliza habari ya ile sahani: ni nani hapa anayejua meno ya pande zote mbili? Nani amepima, na je, amepima gari likiwa juu ya mastendi, katika semina ya hotelini, au likiwa limekanyaga chini na abiria ndani?

Na watu wa kiungo tunao. Ni muuguzi wa zahanati anayejua mwongozo wa wizara na pia anajua mama wa kijiji kile atakubali nini. Ni mwalimu wa darasa la kwanza anayevusha watoto kutoka lugha ya nyumbani kwenda Kiswahili cha kitabu. Ni fundi wa chini ya mwembe. Hawa ndio pembeni MG, katikati Ford. Kwa kuwa hawako upande wowote kikamilifu, hakuna upande unaowahesabu. Msomi huwaona hawana nadharia, ilhali mjomba alinipa nadharia nzima ya krosi mbili kwa sentensi tatu kwenye simu. Asichokuwa nacho ni karatasi.

Nakiri kwamba hatua zimepigwa. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na vijana wengi wa gereji wamenufaika nao. Ni jambo jema, na ninatamani lipewe fedha na watu wa kutosha kufika chini ya kila mwembe. Natamani pia vyuo vyetu vikuu vijifunze kutoka humo. Mwaka juzi nilipendekeza mahali fulani kwamba mafundi wazoefu waalikwe kufundisha vitendo kwa saa chache kila muhula. Nilijibiwa kwa barua nzuri kwamba kanuni haziruhusu mtu asiye na shahada kumfundisha anayetafuta shahada. Wanafunzi hao wataendelea kusoma habari za pembe za propela kwenye skrini, na baadhi yao wataajiriwa bila kuwahi kuona timazi.

Desemba iliyopita nilikwenda Korogwe nikiwa nimeamua. Mjomba amezeeka, macho hayaoni karibu, na kazi za ndani anawaachia vijana wawili huku yeye amekaa kwenye kiti cha gari aina isiyojulikana, akisikiliza injini na kuwaambia cha kufanya. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamwomba radhi kwa ajili ya siku ile ya machungwa. Nilidhani amesahau. Hakuwa amesahau. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha oili.

"Mjomba, mbona ulisema kweli? Mama yako ndiye aliyenituma, na gari nililiendesha mimi."

Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza: "Ila uliniuma."

Nilimwambia habari ya VETA, nikajitolea kumjazia fomu. Alikataa, alisema kwa umri wake cheti kitaliwa na mchwa. Akaniita karibu, akanionyesha wale vijana wawili, mmoja akiwa amelala chini ya Land Rover na mwenzake akizungusha flaiwili kwa mkono, sindano ya magunia ikiwa imefungwa kwa waya.

"Wajazie hao," alisema. "Mimi nitawaandikia ushahidi. Dole gumba si linakubalika?"

Fomu zao nimezipeleka mwenyewe, zikiwa na dole gumba la mjomba pembeni ya sahihi yangu. Na mzee wa Oxfordshire, ambaye bado tunaandikiana, nimemwandikia wiki hii kumwambia kwamba mjomba wangu hakuwa mhandisi wa kiwanda, kwamba ni fundi wa Korogwe aliyeishia darasa la saba, na kwamba nilimdanganya kwa kuona haya. Jibu lake bado sijalipata.